Meno ya Dai

Kisima cha nyumbani Chekalini, Lugari, kilitutesa karibu mwaka mzima kwa sababu ya uzi mmoja. Sisemi uzi wa nguo. Nasema uzi wa paipu, ile mikato inayozunguka ncha ya bomba la chuma ili soketi ipate pa kushika. Fundi wa kwanza aliukata mbiombio, akauviringishia tepu nyeupe mpaka ukanenepa, akapokea pesa zake akaenda. Haikupita miezi mingi, ikawa ukipiga mkono wa pampu asubuhi unangoja sana kabla maji hayajapanda. Mwisho kipande cha chini kikachomoka kikatumbukia kisimani. Mama akarudia ndoo na kamba, na umri wake ule.

Fundi wa pili nilimkalia kando kwa kigoda nusu siku nzima. Ilikuwa Januari, mahindi yamekwisha kuvunwa na kupukuchuliwa. Lugari hii msimu wa kupalilia humpati fundi, yuko shambani kwake. Alishuka kwenye pikipiki, akafungua kisanduku cha mbao alichokifunga nyuma kwa mpira wa tyubu, na kabla hajaitupia jicho paipu yoyote akatandika gunia chini na kufungua kitambaa. Ndani mlikuwa na dai nne, vile vipande vya chuma kigumu vyenye meno ambavyo ndivyo hukata uzi. Zilikuwa safi kama vijiko vya wageni. Hata hivyo alizipiga brashi ya waya tena, akainua moja moja juani, akapitisha ukucha wa kidole gumba jino kwa jino.

Nikamuuliza, "Mzee, si ulizisafisha jana?"

"Nilizisafisha. Lakini jino moja likivunjika, kijana wangu, uzi wote unararuka. Heri nilione hapa kuliko nilione ndani ya kisima chenu."

Kila dai ilikuwa na namba yake, 1 hadi 4, na kichwa kinachozishika kina nafasi zenye namba zizo hizo. Mpangilio huo haubadilishwi, kwa sababu kila moja inaendeleza mkato ulioachwa na mwenzake. Ukizibadilishia nafasi, au ukachukua namba 3 ya seti nyingine kwa kuwa yako imepotea, utapata uzi uliokatwa juu ya uzi, na hakuna tepu duniani itakayouziba.

Paipu za pampu yetu ni za inchi moja na robo, vipande vya mita 3 kila kimoja, kama zinavyotumika kwenye pampu za India Mark II. Ukubwa huo huwa na nyuzi 11 katika kila inchi. Paipu za nusu inchi na za robo tatu huwa na 14. Umbo lenyewe la uzi, pembe yake ya digrii 55, lilitokana na pendekezo la Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Uzi wa paipu pia huchongoka kidogo kuelekea nchani: katika inchi 16 za urefu kipenyo hupungua inchi moja. Huo mchongoko ndio unaofanya soketi izidi kukaza kadiri unavyoizungusha, na ndio ambao tepu nyingi ya fundi wa kwanza ilikuwa inajaribu kuuigiza.

Kisha akatoa kibuyu cha plastiki chenye mafuta. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kweli, maana mafuta ndiyo mafundi wengi huyadharau. Karibu kila mahali utaona wakimwagia oili chafu iliyotolewa kwenye injini, kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo imebeba vumbi la chuma, na vumbi la chuma kati ya meno ya dai ni msasa. Isitoshe, itabaki ndani ya bomba ambalo watu watanywa maji yake. Mafuta ya kupikia hukata vizuri, alikiri, lakini yakiachwa yanaganda kama gundi kwenye meno. Yeye hununua mafuta maalumu ya kukatia, anayaficha yasiingie mchanga, na baada ya kukata husuuza bomba kwa maji na sabuni mpaka harufu iishe. Ujerumani wameliwekea jambo hili sheria: mafuta ya kukatia yenye asili ya petroli hayaruhusiwi kwenye mabomba ya maji ya kunywa.

Kipimo nacho kina adabu yake. Wale wanaojaza upya maganda ya risasi huko Marekani wanayajua haya: ganda la shaba likiingia bila mafuta kwenye dai yao, ambayo haikati uzi bali hurudisha ganda umbo lake, hukwama humo, na mafuta yakizidi hulibonyeza bega. Paipu haibonyei, lakini mafuta yakimwagwa ovyo hutiririka chini na kuacha meno makavu pale hasa panapokatwa. Mzee alikuwa akiyadondosha kwenye meno kila nusu mzunguko, kidogo, kisha anasukuma mkono wa dai kwa uzito wa mwili wake. Maranda ya chuma yalitoka yamejikunja, yanang'aa. Zinki ya juu ya bomba ni laini, hupenda kunata kwenye meno, kwa hiyo alisimama mara mbili kuyapangusa. Sikusikia mlio hata mmoja. Ncha ya bomba ilipofika sawasawa na uso wa dai, aliacha hapo hapo. Uzi ukirefushwa zaidi, soketi hupita bila kukaza.

Alikwangua ndani ya mdomo wa bomba kuondoa ukingo uliobaki, akaifunga soketi kwa mkono mpaka ikakataa, ndipo akashika spana. Nyuzi chache zilizobaki nje alizipaka rangi, kwa sababu dai imekwisha kuondoa zinki na chuma kitupu hushika kutu.

Kazi ilipoisha na maji yakatoka kwa mapigo machache, hakuja kunywa chai kwanza. Alikaa juu ya gunia, akaosha dai zake kwa mafuta ya taa, akazikausha, akazipaka tone moja moja la mafuta safi, akazifunga kitambaani kwa mpangilio wa namba zake. Mama alimngoja na birika.

Ukimwita fundi wa bomba kwako, kabla hamjapatana bei mwombe akuonyeshe dai zake na mafuta yake. Akikufungulia kitambaa kama yule, usimpunguzie hata shilingi, na usimharakishe.