Rangi ya Baiskeli

Oysterbay, Dar es Salaam, yupo mchoraji mtu mzima ambaye vifaa vyake vyote vinaenea kwenye ndoo moja. Makopo machache ya rangi ya mafuta, chupa ya tina, kipande cha kanga kuukuu, wembe, kijiti cha mwanzi na brashi tano zilizochakaa vipini. Kiti anacho, meza hana. Ubao anaupakata.

Nimekuwa nikimtazama anavyofungua kopo. Rangi ya mafuta ikilala huota utando juu. Kijana mwenye haraka huukoroga humohumo, kisha akashangaa kuona madonge kwenye shingo ya twiga. Yeye huukata pembeni kwa kijiti, akauinua mzima mzima, akauweka kando, ndipo akachovya. Na brashi ya kuchorea manyoya ya simba hainunuliwi dukani. Huchukua ya kawaida, akaipunguza kwa wembe mpaka zibaki nywele chache. Jioni huiosha kwa tina, kisha kwa sabuni, akaichonga ncha kwa vidole kabla ya kuilaza. Hajawahi kuiacha imesimama ndani ya kopo, maana brashi iliyolala imesimamia nywele zake huamka imepinda, na iliyopinda haichori tena jicho la ndege.

Umaskini huu wa vifaa una asili yake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alipoanza kuchora hapa mjini mwaka 1968 hakuwa na duka la wasanii la kwenda. Alichukua mbao za dari, akazikata vipande vya mraba vya kama sentimita 60, akatumia rangi ya kupakia baiskeli. Rangi ile inang'aa na haichanganyiki kirahisi, basi akaiweka bapa, nyeusi kando ya njano, nukta juu ya nukta. Wanaosema aliibuni tu staili hii tunayoiita Tingatinga wanasahau kwamba kopo nalo lilimshika mkono. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao.

Kifaa kikubwa kuliko vyote hakikai kwenye ndoo: ni usiku mmoja. Mandhari ya nyuma ikishapakwa lazima ilale ikauke, ndipo mnyama apande juu yake. Ndiyo maana fundi wa kweli huwa na mbao kadhaa zilizoegemezwa ukutani, kila moja na zamu yake. Leo zamu hiyo imefutwa. Mteja anapanda ndege kesho, basi rangi inapunguzwa kwa tina mpaka inakuwa maji, nukta zinatawanyika kama mvua ya manyunyu, na ubao umekiachia kitambaa nafasi kwa sababu kitambaa kinakunjika kuingia begini. Rangi ya mafuta ikishakauka sawasawa haipendi kukunjwa. Lakini nyufa zitatokea mbali, huko ambako hakuna wa kurudi kulalamika.

Sisemi vifaa vipya ni vibaya. Vijana wana egemeo la mbao, rangi za mirija kwa makumi, brashi za kila unene, na wengine wanavitumia vizuri. Ninachokiona ni kwamba aliyekuwa na makopo manne alizijua tabia zake zote, na aliye na mirija arobaini hajui hata mmoja unakauka kwa muda gani. Twiga wao ni yuleyule, chini ya Kilimanjaro uleule, dazeni kwa dazeni.

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na bei. Geuza picha kwenye mwanga uone kama nukta zimesimama au zimemwagika, kisha muulize muuzaji ilikaa siku ngapi kukauka. Akikukasirikia, nenda kwa jirani yake.