Oili na Njia ya Kurudi

Fundi mzee wa gereji moja pale Arusha aliokota washa ya shaba iliyokwisha tumika, akaichoma kwa gesi mpaka ikaiva nyekundu, kisha akaitumbukiza majini. Ilitoka laini. "Shaba ikishabanwa mara moja hukaza, mwanangu," akaniambia. "Usipoilainisha, itakuvujishia."

Gari alilokuwa akilitengeneza ni Land Cruiser ya kubebea watalii, injini 1HZ, dizeli ya lita 4.2 ambayo kiwandani hutoka bila tabo (turbo), kifaa cha kuisukumia injini hewa. Mwenye gari alichoka kupanda Ngorongoro kwa kuburura, akanunua tabo. Kama wengi wetu, aliulizia bei ya tabo, ya mabomba hakuuliza.

Na kazi yote imo kwenye mabomba. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika tabo nyingi haukai juu ya gololi, unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Bomba la kuleta oili hiyo halina taabu sana: ni jembamba na lina msukumo wa pampu. Oili inayorudi ndiyo haina wa kuisukuma. Imeshakuwa povu la moto, inashuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo bomba lake liwe pana, literemke moja kwa moja, liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili.

Hapo ndipo mzee alipotumia asubuhi nzima. Alikata bomba, akalipachika, akachuchumaa kulitazama kwa jicho moja kutoka chini, akalitoa, akalikata tena. Halikuwa na kasoro ambayo mimi ningeiona. Lakini bomba likifanya tumbo hata dogo, oili husimama hapo, ikajaa hadi kwenye tabo, ikapenya kuingia ekzosi, na gari likaanza kutoa moshi wa bluu. Mwenye gari atalalamika kauziwa tabo feki. Ni tabo nyingi nzima zilizotupwa kwa kosa la bomba.

Maji ya kupoza tabo nayo yana njia yake. Injini ikizimwa, pampu husimama, ila tabo bado ina moto. Fundi akiwa ameyapa maji njia ya kupanda, yaliyopata moto huondoka yenyewe na ya baridi yakaingia mahali pake. Asipofanya hivyo, hewa hunasa ndani, na oili iliyobaki huungua ikagandamana kuwa masizi.

Wazo la tabo ni la Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905. Kwetu Afrika Mashariki sifa yake ilivuma na Safari Rally, Toyota Celica Twincam Turbo iliposhinda 1984, 1985 na 1986. Mafundi walioinukia miaka ile walianza kwa kushika tochi na kuosha spana kwa dizeli, wakitazama mikono ya wakubwa wao muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kukaza nati.

Siku hizi naona silikoni imepakwa kila kiungo, na vipande vyake hukatika vikaziba tundu la oili. Naona mpira wa rejeta umefungwa penye oili, mahali ambapo lazima uvimbe na kuoza. Inaniuma, kwa sababu anayefanya hivyo mara nyingi ni kijana mwenye akili nzuri, ila mteja amemsimamia kichwani akitaka gari kabla ya adhuhuri.

Mzee alipomaliza hakuwasha. Alimimina oili ndani ya tabo, akakata dizeli, akapiga stata mpaka akaiona oili ikishuka kwenye bomba la kurudi. Ndipo akakaza kiungo cha mwisho. Hana mwanafunzi, waliokuja hawakukaa.

Basi nawe ukimpelekea fundi tabo, mpelekee na pesa ya mabomba, umwachie gari mpaka kesho yake. Ukikuta kijana anamshikia tochi, msalimie, na umlipe naye.