Fundi Asiyerekebisha

Kila mshiriki huwekewa zabibu kavu moja kiganjani. Huombwa aitazame kana kwamba kitu hicho hakijapata kuonekana duniani: mikunjo yake, mahali mwanga unapopenya, alama ndogo palipokuwa na kikonyo. Aipapase, aisogeze sikioni na kuibinya. Ainuse, na aone jinsi mate yanavyojaa mdomoni kabla zabibu haijafika. Kisha aiweke ulimini bila kuitafuna, angoje, aing'ate mara moja, angoje tena. Dakika kumi zinaweza kupita hivyo. Yupo anayecheka, yupo anayeudhika, na yupo anayetamka kwamba miaka yote amekula zabibu kwa gao na leo ndipo alipoonja moja.

Zoezi hili hutumika kufungua kozi ya wiki 8 iliyotokana na kazi ya Jon Kabat-Zinn, aliyeianza mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Alikuwa mwanabiolojia wa molekuli ambaye pembeni alijifunza kutafakari kwa walimu wa Kibudha. Aliwaomba madaktari wampelekee wagonjwa waliokuwa wamemaliza dawa na upasuaji bila nafuu, wengi wao wakiwa na maumivu sugu. Aliwafundisha kukaa na pumzi, na kulala chali wakiupitia mwili kwa fikra, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini, kwa takriban dakika 45. Kisha waende wakafanye hivyo nyumbani, siku sita kwa wiki. Si kazi ya wavivu.

Ila ninachokistaajabia hakimo ndani ya zabibu wala pumzi. Kimo kwa mwongozaji wa kozi, hasa katika dakika zile watu wanapofumbua macho naye akawauliza, "Mmeona nini?"

Tuseme mama mmoja ajibu kwamba ameshindwa. Muda wote alikuwa akiwaza ada ya mtoto. Wengi wetu tungemtuliza haraka: usijali, utazoea. Mwongozaji mahiri hafanyi hivyo. Anamuuliza ni wakati gani aligundua kwamba mawazo yamekwenda kwenye ada. Mwili ulikuwaje hapo? Kifua kilibana. Kisha? Kisha ikaja sauti: unaona, hata jambo dogo kama hili huliwezi. Sauti hiyo ni ngeni kwake? Mama anacheka kidogo. La, anaijua siku nyingi. Mwongozaji anashukuru na kumgeukia mwingine. Hakumpa ushauri wowote. Mama ameondoka na kitu ambacho hotuba ya saa nzima isingempa: ameliona wazo likipita na kuitambua sura yake, bila kulazimika kuliamini.

Kujizuia huko ndiko kugumu, na waliokiri hivyo waziwazi ni wataalamu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasaikolojia watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, walikuwa wakitafuta njia ya kuwakinga watu waliopona sonona isiwarudie. Walichukua mazoezi ya Worcester wakayaambatanisha na tiba waliyoizoea, ile ya kuchambua mawazo. Ikawa mgonjwa akileta tatizo, wao wanaanza kulitatua, kama walivyofunzwa. Waliporudi Worcester kutazama tena, waliona waongozaji wa kule hawatatui. Huzuni ikitajwa, wanaikaribisha na kuuliza inakaa wapi mwilini. Ndipo watatu hao wakakubali kwamba hawawezi kufundisha jambo wasilolifanya, wakaanza wao wenyewe kukaa na kutafakari kila siku. Nawavulia kofia kwa hilo. Ni wasomi wangapi wenye majina wangekubali kurudi kuwa wanafunzi?

Utafiti wao wa mwaka 2000 uliwahusu watu 145 katika miji mitatu, Toronto, Cambridge na Bangor. Miongoni mwa waliokuwa wameugua sonona mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida pekee waliugua tena katika muda wa wiki 60. Kwa waliopitia kozi ilikuwa asilimia 37. Waliougua mara mbili tu hawakuonyesha faida hiyo. Napenda kwamba hawakulificha.

Ukimsikiliza mwongozaji mzuri utasikia mambo madogo. Hasemi "tulieni", kwa sababu asiyeweza kutulia atahesabu kushindwa kwa pili juu ya kule kwa kwanza. Anafanya zoezi pamoja na kundi, hivyo maneno yanamtoka kwa kasi ya pumzi yake. Anajua kwamba kwa aliyepitia ukatili, kufumba macho na kufuata pumzi kunaweza kuamsha hofu. Basi anamruhusu afungue macho na kuweka fikra kwenye nyayo zinapogusa sakafu. Mkono wake ni wa mshoni anayepapasa pindo lote kabla ya kukata uzi.

Ndiyo maana sishangazwi na matokeo ya utafiti mkubwa wa shule za Uingereza, uliotolewa mwaka 2022. Zaidi ya wanafunzi 8,000 walihusika, na somo la kutafakari, likifundishwa na walimu wa darasani baada ya mafunzo mafupi, halikuwapa nafuu zaidi ya masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Wengi wa wanafunzi hao hawakufanya mazoezi nyumbani. Zabibu zinagawika kirahisi. Mwongozaji hapatikani kwa semina.

Nyumbani, mshiriki hupewa pia kazi inayoonekana ya kitoto: achague jambo moja la kila siku, kupiga mswaki au kuosha vyombo, na kwa wiki nzima alifanye akiwa hapo hapo. Maji ya moto, povu, uzito wa sufuria. Akigundua kwamba tayari anagombana kichwani na bosi wake, anarudi kwenye sufuria, bila kujikaripia. Atarudi mara nyingi kabla vyombo havijaisha, na wiki inayofuata mwongozaji atamuuliza habari za sufuria hiyo kwa umakini ule ule alioutumia kwenye zabibu.