KURA YA POSTA NA MTU WA MLIMANI

Katika madarasa ya siasa husikika hoja kwamba raia asiyefika kituoni siku ya uchaguzi amekosa mwamko. Hoja hiyo ina kasoro: haichunguzi hali ya kazi ya mtu huyo.

Mwaka 1945 wakulima wa Upare walishuka kwa maelfu mpaka boma la Same katika upinzani wa kodi uitwao Mbiru. Leo wajukuu wao wengi ni makuli, walinzi na watumishi wa nyumbani mijini, hali wameandikishwa Chome, Mamba au Vudee. Kwa kuwa Bara mtu hupiga kura kituo alichoandikishwa, asiyehamisha taarifa zake Daftari linapoboreshwa hana budi kupanda basi kwa nauli yake, au kuikosa kura.

Ujerumani Magharibi ilianza kura ya posta mwaka 1957. Mpiga kura hupelekewa karatasi mapema. Huitia alama, huifunga katika bahasha isiyo na jina, kisha huiweka katika bahasha ya pili pamoja na tamko lenye saini yake. Wasimamizi huhakiki tamko, hutenganisha bahasha, ndipo huhesabu. Wanaofaidika ni mgonjwa, mlemavu, mzazi mwenye mtoto mchanga na mfanyakazi wa zamu.

Hata hivyo, kuiga bila kupima ni kasumba. Ufaransa iliifuta kura hiyo mwaka 1975 kwa sababu ya udanganyifu. Karatasi ikijazwa nyumbani, nani atathibitisha kwamba mume, tajiri au kiongozi hakusimama nyuma ya mpiga kura? Tena barua zetu huishia sanduku la posta mjini, mlimani hazipandi.

Tuchukue basi kanuni yake: kura imfuate mfanyakazi alipo, na siri ilindwe. Tangu 2013 Mkenya aliyejiandikisha hapa Tanzania humchagua Rais wake papa hapa. Kuli wa Same aliyeko Dar es Salaam hana nafasi kama hiyo. Zanzibar mwaka 2020 iliweka kura ya mapema kwa walio kazini siku ya uchaguzi, nayo ikazua ubishi mkali. Fundisho ni kwamba wepesi usioaminiwa na pande zote hauijengi demokrasia.

Ndugu makada, balozi wa shina anajua nani yuko mbali na kwa nini. Tuanze kwa kuhesabu watu hao, na hesabu ifikishwe kwenye vikao, kabla hatujamlaumu yeyote.