52 toa 27: Kumwinua mtoto anayekwama kwenye hesabu nyumbani

Mwandikie mtoto wa Gredi ya 3 au ya 4 anayesomea nyumbani hesabu hii: 52 toa 27. Akikuletea 35, usimwekee mkasi, yaani alama ya kosa, bado. Mtoto huyo hakubahatisha. Alianza kwenye mamoja, akaona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Akahamia kwenye makumi, 5 toa 2, akapata 3. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni hiyo imempa majibu sahihi kila alipokutana na hesabu kama 58 toa 23. Mpe 61 toa 38, atasema 37. Mpe 84 toa 19, atasema 75. Unaweza kulitabiri kosa lake kabla hajashika penseli.

Mwaka 1978, watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika hesabu za kutoa yana utaratibu wa namna hii. Wakaunda hata programu ya kompyuta, BUGGY, ya kuwazoeza walimu kusoma kanuni iliyojificha nyuma ya jibu lisilo sahihi. Matokeo yao yana uzito wa pekee kwa mzazi anayefundisha nyumbani. Ikiwa kosa lina kanuni, kumrudishia mtoto ukurasa uleule mara kumi ni kumpa nafasi kumi za kuikaza kanuni mbovu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusikiliza, na hapa nyumba ina nguvu ambayo darasa lenye watoto wengi halina. Keti naye umwambie, "Nieleze, mwanangu, ulifanyaje?" Kisha nyamaza. Usimrekebishe katikati, hata akisema jambo la kukukera. Unatafuta pale mwendo wa fikra zake ulipokatika.

Sindo, mji wa ufuoni mwa Ziwa Victoria katika Suba Kusini, mara nyingi mwendo hukatika kabla hesabu haijaanza. Hapa ni nchi ya Abasuba, lakini lugha ya nyumbani na sokoni kwa walio wengi leo ni Dholuo. Sera ya elimu ya Kenya inataka miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kuanzia Gredi ya 4 Kiingereza hushika usukani. Kitabu cha hesabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto anayesoma kwa kusuasua kwamba mchuuzi alipeleka ngege 96 sokoni, akauza 48 kabla ya saa sita, ana mitihani miwili kwa wakati mmoja.

Mwalimu wa Australia, Anne Newman, alipendekeza mwaka 1977 njia ya kutenganisha mitihani hiyo, nami sijaona chombo bora zaidi kwa mzazi. Mtoto asome swali kwa sauti. Aseme kwa maneno yake swali linataka nini. Aseme atatumia njia gani: kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Afanye hesabu yenyewe. Mwisho aandike jibu linalolingana na swali. Hatua ya kwanza anayoanguka ndiyo ya kushughulikiwa. Kisha mpe swali lilelile kwa mdomo, kwa Dholuo. Akilijibu papo hapo, hesabu anaijua. Anachohitaji ni msaada wa kusoma Kiingereza, na kumwongezea kurasa za kutoa ni kumchosha bure.

Dholuo yenyewe ina faida ambayo wazazi wengi hawaitumii. Kumi na sita ni apar gauchiel, neno kwa neno kumi na sita. Ishirini na sita ni piero ariyo gauchiel, yaani makumi mawili na sita. Thamani ya nafasi inasikika sikioni. Mtoto anayehesabu hivyo mpaka 99 anatamka makumi na mamoja kila mara, jambo ambalo maneno ya Kiingereza kama eleven na twelve yanamficha. Mwache ahesabu kwa Dholuo huku akipanga vijiti, ndipo umpe jina la Kiingereza.

Sasa kiwango. Shirika la Uwezo, lililoanza kazi mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, lilipima watoto mmojammoja, nyumbani kwao, kwa karatasi fupi yenye kazi za darasa la pili: kutambua namba, kulinganisha ipi kubwa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Ripoti zake za miaka ya mwanzo nchini Kenya zilishtua watu: karibu watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Tunapaswa kuikumbuka hesabu hiyo tunapomwita mtoto wetu mzito. Mtoto aliyebaki nyuma ana wenzake wengi, na mara nyingi aliachwa na mwendo wa silabasi.

Karatasi kama hiyo unaweza kuiandika mwenyewe kwa nusu saa. Panga hesabu kutoka rahisi hadi ngumu, mbili au tatu kwa kila ngazi, na usimame pale anapokosa mara mbili. Hapo ndipo somo lianzie, hata kama kitabu kiko mbele yake kwa mwaka mzima. Shirika la Pratham la India ndilo lililoijenga njia hii ya kufundisha kwa kiwango cha mtoto badala ya umri au darasa, nayo imeenea katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo.

Je, mtu asiye mwalimu, akiwa nyumbani, anaweza kuitumia? Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Kipindi hichohicho, nchini Botswana, watafiti walijaribu jambo jepesi kwa zaidi ya familia 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Baadhi walitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki. Wengine walitumiwa ujumbe huo na pia kupigiwa simu mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20, mzazi akiwa karibu, mtoto akifanya hesabu huku akiieleza. Baada ya wiki 8, waliopigiwa simu walikuwa wamepanda. Waliopata ujumbe pekee hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Jaribio lilirudiwa Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, na huko pia simu zilizaa matunda kuliko ujumbe.

Tazama kilichofanya kazi. Swali lililotumwa peke yake lilikuwa na nguvu ndogo. Palihitajika mtu wa kumsikia mtoto akifikiri, na swali linalofuata lichaguliwe kutokana na jibu la sasa. Hata wazazi walikuja kujua vizuri zaidi watoto wao wako ngazi gani. Dakika 20 zilitosha kwa sababu zote zilitumika mahali palipouma.

Turudi kwa mtoto wa 35. Kata vijiti, uvifunge kumi kumi kwa vipande vya uzi wa nyavu. Mpe vifungu vitano na vijiti viwili, kisha umwombe akupe 27. Atakupa vifungu viwili haraka, halafu atasimama: anadaiwa saba na mkononi ana viwili. Ngoja. Ukimya huu ndio somo, na mzazi anayeujaza kwa maelezo anamnyang'anya mtoto kazi yake. Wengi huomba ruhusa ya kufungua kifungu kimoja. Sasa ana vifungu viwili na vijiti 12. Anakupa saba, vinabaki vitano, na vifungu viwili viko palepale: 25.

Arudie kwa sarafu za shilingi 10 na shilingi 1, akichenjiwa. Kisha aandike kila hatua kwenye karatasi kando ya vitu. Vitu viondolewe mwisho, na virudishwe bila aibu akiyumba. Kosa la kawaida ni kuviondoa mapema, mtoto akabaki na kanuni ya kukopa aliyokariri kama wimbo.

Mfunze pia kujikagua. 52 toa 20 ni 32. Aliyetoa zaidi ya 20 hawezi kubaki na 35. Mtoto anayejikagua hivyo kabla ya kuandika hahitaji tena kungoja mkasi wako.

Na kitabu? Sitisha sura za kutoa, kuzidisha na kugawanya mpaka ngazi hii isimame. Kugawanya kwa njia ndefu kumejaa kutoa ndani yake. Mtoto wa 35 ataanguka huko, na wewe utalaumu kugawanya. Vipimo na maumbo viendelee, maana havitegemei sana kukopa. Sindo vipimo vimejaa: gorogoro za omena, madebe, urefu wa nyavu, saa mashua zinaporudi asubuhi. Dakika 20 hadi 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha. Saa mbili za machozi hazifundishi kitu.

Jambo la sheria nalo lisisahauliwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, kwa hiyo anayefundisha nyumbani azungumze mapema na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Ofisi hiyo ina faida nyingine. Ukimfundisha kwa kiwango chake wiki kadhaa na bado haoni tofauti ya kikubwa na kidogo, au anasogeza karatasi karibu na uso, au haitiki unapomwita kutoka nyuma, usiendelee kubahatisha wala kumchapa. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vinavyochunguza macho, masikio na shida za kujifunza. Ulizia ofisini hapo kilicho karibu nawe, umpeleke.