Mwenyeji Mchoyo wa Mithali 23

Katika semina na mikutano ya injili hapa Bukoba na Muleba, mstari unaopendwa sana siku hizi ni Mithali 23:7. Husomwa nusu tu. Mhubiri huchukua maneno yasemayo kwamba mtu yuko sawasawa na anavyowaza nafsini mwake, kisha hujenga juu yake nyumba nzima: waza ushindi utashinda, waza umaskini utabaki maskini, ukiwaza ugonjwa umeuita. Washarika wetu hurudi nyumbani na mafundisho hayo, na baadhi yao hurudi wameumia. Kwa hiyo tuusome mstari wenyewe pamoja na jirani zake.

Mstari wa 6 unaonya tusile chakula cha mtu mwenye husuda. Wa 7 unatoa sababu: mdomoni anakukaribisha ule na unywe, lakini moyoni hayuko nawe. Wa 8 unasema tonge ulilokula litarudi. Anayesemwa hapo, basi, ni mwenyeji mchoyo. Sisi wa Kagera tungepaswa kumtambua haraka, maana kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla hata ya kuulizwa shida yake, na kila mtu anajua tofauti ya kahawa iliyotolewa kwa moyo na ile iliyotolewa kwa kuogopa kusemwa. Mithali inatufundisha kutomwamini mwenyeji kwa maneno ya kinywa chake. Haifundishi kwamba fikra za mtu zitaondoa mnyauko kwenye migomba ya kibanja chake.

Hatusemi mawazo hayana uzito. Katika Wafilipi 4:8 Paulo anataja mambo ya kweli na ya haki ambayo tuyatafakari, na mstari huo nao husomwa sana katika semina hizo. Lakini aliuandika akiwa kifungoni, na fikra zake njema hazikufungua mlango. Isitoshe, anawaandikia watu wengi pamoja, wala si mtu mmoja aliyejifungia chumbani na daftari la malengo yake. Kwanza anawasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wapatane. Kisha anagusa fadhaa. Mistari sita baada ya ule wa kutafakari, anawashukuru kwa kushiriki naye dhiki yake. Anaiita dhiki, bila kuipamba.

Ubaya wa mafundisho haya huonekana watu wanapokuwa katika msiba. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, wapo watu wa Bukoba waliolala nje wakiogopa kuta za nyumba zao. Mtu aliyeshtuka kila lori lilipopita hakuwa na imani haba; mwili wake ulikuwa unakumbuka. Ukimwambia mtu huyo kwamba hofu ni uchaguzi wake, unamtwika mzigo wa pili: anaogopa, tena anaona aibu kuogopa. Jumapili atakuja, atatabasamu, ataitikia Amina, na hutajua tena habari zake.

Martin Luther alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13. Alimwandikia rafiki yake kwamba binti ameondoka vizuri katika imani na kwamba wazazi wanapaswa kushukuru, na papo hapo akakiri kwamba yeye na mkewe hawawezi kuzuia kilio. Yote mawili yamo katika barua moja.

Bukoba nayo ina mizani yake. Uamsho uliotufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 kutoka Rwanda na Uganda, ambao baadaye ulimgusa Askofu Josiah Kibira, ulikuwa na ukali ambao mahali pengine ulipita kiasi. Lakini ulijua jambo ambalo semina hizi hazijui: kilicho moyoni hutolewa mbele ya ndugu. Mtu alisimama, akasema kinachomlemea, akaimbiwa, akakumbatiwa. Upungufu wake ni kwamba ulizoea kusikiliza dhambi kuliko huzuni. Jumuiya zetu zinaweza kusikiliza zote mbili, mradi tu asiwepo wa kukimbilia kumtungia mwenye huzuni dhambi ya kutubu.

Yapo mawazo yasiyoondoka hata mbele ya ndugu. Mtu halali usiku baada ya usiku, chakula hakimpiti, anatamani kufa. Elia alitamani hivyo chini ya mti jangwani, katika 1 Wafalme 19, na malaika hakumhubiria. Alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena. Mtu wa namna hiyo aombewe, tena apelekwe hospitali, na dawa zake zisiitwe upungufu wa imani. Kanisa lenye hospitali kama Ndolage halina sababu ya kuheshimu dawa ya malaria na kuionea haya dawa ya akili. Asiende peke yake. Mzee wa kanisa au jirani amsindikize, na abebe chakula, maana foleni huwa ndefu.