Njia ya Moto Katika Bunduki ya Tony Knight

Anayewinda kwa bunduki ya kushindilia ana risasi moja. Nyingine zimo mfukoni, lakini kumimina baruti mdomoni mwa mtutu, kuisukuma risasi hadi chini kwa mdeki na kuvalisha fataki mpya huchukua nusu dakika au zaidi hata kwa mkono uliozoea, na muda huo kulungu ameshavuka bonde. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya bunduki hii, kabla ya nguvu na kabla ya umbali, ni kulia papo hapo kidole kinapovuta. Aliyeifanya sifa hiyo iwe jambo la kawaida kwa wawindaji wa Marekani ni William Knight, maarufu kwa jina la Tony, mfanyakazi wa reli aliyekuwa pia fundi bunduki katika jimbo la Missouri. Mwaka 1985 alitoa bunduki aliyoiita MK-85. Herufi mbili ni za binti yake, Michelle Knight, na tarakimu ni za mwaka wenyewe.

Wakati huo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa tayari yametenga majuma maalumu ya kuwinda kwa bunduki za kushindilia, na bunduki iliyotawala ilikuwa ile yenye nyundo ubavuni, kama Hawken ya kampuni ya Thompson/Center iliyoingia sokoni mwaka 1970. Ilikuwa bunduki nzuri kwa macho, ya mti na shaba, iliyotengenezwa kwa kuiga zile za karne ya 19. Wateja wa Knight walianza kusafiri hadi Colorado kumwinda wapiti, yule kulungu mkubwa wa milimani, na walirudi na malalamiko ya bunduki zilizokataa kulia kwenye theluji na mvua. Mtu ametembea siku kadhaa, mnyama amesimama mbele yake, nyundo inaanguka, fataki inapasuka, kisha kimya.

Kosa lilikuwa kwenye njia ya moto. Aliyewahi kushika gobore la fataki ataijua njia hiyo. Fataki huvalishwa juu ya kifa, kile kijiti cha chuma chenye tundu jembamba, na kifa hukaa ubavuni mwa mtutu. Nyundo ikigonga, cheche hushuka ndani ya kifa, hufika kwenye kichumba kidogo, hukata kona, kisha ndipo huingia kwenye mtutu na kuikuta baruti. Kona hiyo ndiyo adui. Mafuta ya kuzuia kutu hutuama pale. Masizi ya mlio wa jana hujikusanya pale. Unyevu ukiingia, hauna pa kutokea. Tena cheche ya fataki namba 11, saizi iliyozoeleka kwa bunduki hizi, ni ndogo mno. Kila inapogusa ukuta wa chuma baridi hupoteza joto. Ikifika imechoka, baruti ama haiwaki, ama huwaka kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ni kubaya kuliko kutolia kabisa, kwa sababu mwindaji ameshaanza kuteremsha bunduki na risasi inamtoka mnyama akiwa hayupo tena kwenye shabaha. Mnyama aliyejeruhiwa tumboni na kupotelea msituni ni dhambi ya ufundi.

Knight alikitoa kifa ubavuni akakiweka nyuma ya mtutu, katikati kabisa, kikiwa kimefungwa kwa hesi kwenye kizibo. Kigongeo chake ni chuma cha duara kinachosukumwa na springi na kuteleza mbele katika mstari uleule wa mtutu. Fataki ikipasuka, moto huenda mbele moja kwa moja, kipande kifupi tu, ukaipiga baruti usoni. Wazo la kunyoosha njia ya moto lilikuwepo kabla yake, na sitaki kumpa sifa ya kulizua. Kazi yake kubwa ilikuwa kuliunganisha na mambo mengine ambayo mwindaji alikuwa akiyahitaji kwa pamoja.

La kwanza kati ya hayo, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko hata kunyooka kwa moto, ni kwamba kizibo cha nyuma kinafunguka. Kwenye bunduki za nyundo ya ubavuni mtutu umezibwa nyuma moja kwa moja. Unausafisha kwa kuingiza kitambaa mdomoni na kukitoa palepale, na huwezi kuona kilichobaki chini. Kwa MK-85 unatoa kigongeo, unafungua kizibo kwa spana, unaushika mtutu kuelekea kwenye mwanga na kuona mpaka upande wa pili. Kutu haina pa kujificha. Na mtutu unaoonekana wote ni mtutu ambao moto wake unaweza kuaminiwa kesho yake. Baruti nyeusi huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama masizi na moshi wa chembe ngumu, na masizi hayo yana chumvi zinazovuta unyevu wa hewani. Bunduki isiposafishwa usiku huohuo kwa maji ya moto na sabuni, kesho imeanza kuliwa.

Jambo jingine ni usalama. MK-85 ina kufuli mbili: moja ya kawaida ya kifyatulio, inayosogezwa kwa kidole gumba, na nyingine ni skrubu nyuma ya kigongeo ambayo ikizungushwa mbele hukizuia kigongeo kisifike kwenye fataki hata kikiachiwa. Wengi wamewahi kuvuta kifyatulio kulungu akiwa mbele yao, wakasikia mlio wa chuma tu, kwa kuwa waliifungua kufuli moja wakaisahau ya pili. Hata hivyo naona Knight alikuwa sahihi. Bunduki hii hubebwa ikiwa imeshindiliwa siku nzima, mtu akipanda na kushuka kwenye dungu lililofungwa juu ya mti, na kufuli moja haitoshi kwa kazi hiyo.

Ndani ya mtutu pia kulikuwa na uamuzi. Michirizi ya bunduki za zamani ilizungushwa polepole, mzunguko mmoja kwa kila inchi 66 kwa mfano, kwa ajili ya risasi ya duara iliyofungwa kwenye kitambaa. Hawken ya mwaka 1970 ilishika njia ya kati, inchi 48. Knight akaishia kwenye mzunguko mmoja kwa inchi 28. Kasi hiyo ya mzunguko inaituliza risasi ndefu iendapo hewani, na hapo ndipo saboti ilipopata nafasi yake: kikombe cha plastiki kinachoipakata risasi nyembamba ya bastola, kinashika michirizi, kisha kinaanguka mita chache baada ya kutoka mdomoni. Katika mtutu wa kalibra .50, wenye milimita 12.7, hukaa vizuri risasi ya .44 au .45 ndani ya kikombe chake. Mwindaji akapata risasi inayofunguka mwilini mwa mnyama kwa mpangilio, badala ya goroli tupu.

Shehena iliyozoeleka ni greni 90 hadi 100 za baruti kwa kipimo cha ujazo. Greni 100 za baruti nyeusi ni kama gramu 6.5. Kwa risasi ya greni 240 ndani ya saboti, kasi ya kutoka mdomoni ni karibu mita 490 kwa sekunde. Ukiisawazisha shabaha kwa yadi 100, ambazo ni mita 91, risasi hiyo itakuwa imeshuka takriban sentimita 18 ikifika mita 137, na zaidi ya nusu mita ikifika mita 183. Ni risasi ya bastola, pua yake ni butu, na hewa huila kasi yake haraka. Matangazo ya biashara yalipenda kuzungumzia mita 180 na kuendelea. Kwa bunduki hizi za kizazi cha kwanza, mita 100 ni mpaka wa heshima, na anayeuvuka anamkisia mnyama kwa macho katika mwanga hafifu wa alfajiri.

Sasa udhaifu wake. Nyuma ya bunduki hizi ni wazi. Dirisha la pembeni, ambalo mkono hupita kuvalisha fataki, huruhusu maji kuingia na huruhusu moshi kurudi nyuma hadi kwenye kigongeo. Baada ya milio kadhaa masizi hujaa kwenye springi, kigongeo kinakuwa kizito, na pigo lake kwenye fataki linapungua. Kwenye baridi kali, mafuta mazito yaliyopakwa humo huganda na kuleta matokeo yaleyale. Kigongeo hutakiwa kufunguliwa na kufutwa kikavu, si kulowekwa mafuta.

Udhaifu wa pili uko kwenye ndoa ya fataki namba 11 na Pyrodex. Pyrodex ni baruti mbadala iliyobuniwa na Dan Pawlak miaka ya 1970. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1977 katika ajali ya moto kiwandani kwake, na baruti yake ikaendelea kutengenezwa na kampuni ya Hodgdon. Ilienea madukani kwa kuwa haishiki moto kwa urahisi kama baruti nyeusi, hivyo ni nafuu kuihifadhi na kuisafirisha. Lakini ugumu huohuo wa kushika moto unaipa fataki ndogo mzigo mkubwa. Ndiyo maana mwindaji mwenye bunduki ya zamani hufanya vizuri zaidi na Pyrodex ya chembechembe kuliko vile vidonge vilivyokuja miaka ya 1990, na hufanya vizuri zaidi tena na baruti nyeusi halisi. Blackhorn 209, baruti iliyotoka mwaka 2008 na kupendwa kwa masizi yake machache, imetengenezwa kwa praima ya nguvu ya bunduki za marisau. Namba 11 haiiwashi kwa uhakika. Na baruti ya kisasa isiyotoa moshi haiingii kabisa kwenye mtutu wa MK-85. Shinikizo lake hupasua chuma, na chuma hicho kiko sentimita chache kutoka machoni.

Kwa hiyo uwindaji wenyewe huanza kabla ya kushindilia. Mtutu hufutwa mafuta yote kwa kitambaa kikavu. Kisha fataki mbili hupasuliwa mtutu ukiwa mtupu, mdomo ukielekezwa kwenye jani au nyasi iliyo karibu: jani likitikisika, njia ya moto iko wazi, lisipotikisika, kifa hufunguliwa na kuzibuliwa kwa waya. Baruti humiminwa kwa kipimo, risasi na saboti yake husukumwa kwa mdeki kwa nguvu iliyo sawa kila mara, na mdeki unapogota mwindaji hutazama alama. Alama hiyo aliichora mapema, mstari mmoja unaoonyesha urefu wa mdeki mtutu ukiwa na shehena kamili na mwingine ukiwa mtupu. Risasi isiyofika chini, ikaacha nafasi kati yake na baruti, inaweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua. Sioni sababu ya mtu yeyote kuwinda na mdeki usio na alama.

Mdomo wa mtutu hufungwa kwa utepe wa plastiki kuzuia mvua. Hewa inayosukumwa mbele ya risasi hulipua utepe kabla risasi haijaufikia. Fataki huvalishwa mwishoni, mtu akishafika mahali pake. Jioni fataki hutolewa, na bunduki iliyoshindiliwa hailetwi kwenye joto la chumba. Ikitoka kwenye baridi hadi kwenye joto, umande hutanda kwenye chuma, ndani na nje, na asubuhi baruti ni mbichi. Huachwa mahali baridi palipofungwa, bila fataki, pale ambapo sheria inaruhusu, ama hufyatuliwa na kushindiliwa upya.

Mafanikio ya Knight yaliwaamsha wakubwa. Remington ilitoa 700ML mwaka 1996, bunduki ya kushindilia yenye umbo la bunduki yake mashuhuri ya risasi za ganda, na kufikia mwisho wa muongo huo praima ya 209, ile ya bunduki za marisau, ilikuwa inachukua nafasi ya fataki ndogo. Wanaopenda bunduki za jadi walilalamika kwamba majuma yaliyotengwa kwa ajili ya chombo kigumu yametekwa na chombo chepesi. Majimbo yalijibu kila moja kwa namna yake. Pennsylvania ilishikilia bunduki za gumegume kwa msimu wake wa baada ya Krismasi. Idaho, katika uwindaji wake maalumu wa bunduki hizi, inataka nyundo ya nje na fataki inayoonekana. Colorado iliruhusu moto ulionyooka, lakini ikakataza saboti, vidonge vya baruti na darubini. Naiona sheria ya Colorado kuwa na busara kuliko zote. Imeacha kile kinachomhakikishia mwindaji mlio wake, ikaondoa vile vinavyomshawishi apige mbali. MK-85 yenye shabaha ya chuma, baruti ya chembechembe na kipande kizito cha risasi kinachojaa mtutu mzima inakidhi sheria hiyo vizuri, na wapiti aliye mita 70 hana haja ya zaidi.

Bunduki hizi sasa hupatikana kwa wauzaji wa mitumba, na anayetaka moja aangalie nyuma kabla ya kuangalia mbele. Mdeki uteremshwe kwanza kuhakikisha mtutu hauna shehena ya zamani, kisha aombe kizibo kifunguliwe palepale. Hesi zake zilitakiwa kupakwa grisi ya joto kali kila msimu, na mwenye bunduki aliyezembea mara moja huenda amekiacha kishikane na mtutu. Kikikataa kufunguka kwa spana yake, bei yoyote ni ghali. Kikifunguka, mwanga upitishwe, na michirizi ya inchi chache za nyuma, pale baruti ilipokuwa ikilala, itazamwe kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Kifa hakina haja ya kuchunguzwa sana. Kipya ni cha bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika moja.